Hukumu ni ya Barazani

Darajani ya leo haidai tiketi ili upate picha. Unampa kijana wa dukani flashi yako, unamtajia unachokitaka, naye anakuwekea humo sizoni ya Kikorea iliyokwishatafsiriwa, muvi ya Kihindi, tamthilia ya Kituruki na filamu ya Dar es Salaam. Zamani hapo hapo Darajani ilikuwepo senema ya Empire. Vuga ilikuwepo Majestic, iliyojengwa katika miaka ya 1950 baada ya senema iliyoitangulia, Royal ya mwaka 1921, kuungua. Upande wa Malindi ilikuwepo Cine Afrique. Kumbi hizo zilifungwa, lakini watu wa Unguja hawajaacha kutizama wala kubishana juu ya walichokitizama.

Mimi napima picha kwa ubishi huo. Zipo filamu ambazo wazee wetu wanazitaja kama jamaa zao wa damu, na zipo nyingine zilizotangazwa kwa vishindo ambazo wiki ya pili hakuna aliyezikumbuka. Tofauti yake siioni kwenye kamera wala kwenye fedha. Picha inayodumu inamfikisha mtazamaji mahali pa kutoa hukumu, kisha inamwachia. Ile inayohukumu yenyewe, ikamtia mwovu adabu na kumtunza mwema kabla hatujapumua, inakwisha pale pale inapozimwa. Kwa kipimo hicho nitazipitia filamu na tamthilia zilizopita kwenye macho ya Unguja. Najua wako watakaonipinga kwa kila jina nitakalolitaja.

Nianze na Awaara ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor. Kwangu hii ndiyo filamu kubwa kuliko zote zilizowahi kuoneshwa katika mji huu. Jaji Raghunath anaamini kuwa mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na kwa imani hiyo anamfunga Jagga. Jagga analipiza: anamteka mke wa jaji, na anaporudi kwao mumewe anamfukuza akiwa na mimba. Mtoto, Raj, anazaliwa mitaani, Jagga anamvuta kwenye uhalifu, naye anakuwa mwizi kweli. Mwisho wake Raj anasimama kizimbani, na anayehojiwa kwa ukali zaidi mahakamani humo ni jaji mwenyewe. Mtazamaji anatoka akiwa ameshika kesi mbili mkononi, ya mwana na ya baba, na filamu haimwambii ipi nzito. Raj anafungwa miaka mitatu. Hakuna aliyeshinda.

Filamu hii ilisambaa katika muongo ambao Zanzibar ilikuwa ikiingia kwenye zama za siasa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, na kila mtu akaanza kuulizwa asili yake: wewe Mshirazi, Mwarabu, Mwafrika, Mhindi, baba yako nani, babu yako alishuka na jahazi gani. Filamu inayouliza kama damu ndiyo inayomfanya mtu awe alivyo ilikuwa inauliza swali lililokuwa barazani kwetu. Sisemi kwamba watu walikwenda senema kutafuta siasa. Walikwenda kwa ajili ya nyimbo, kwa ajili ya mwigizaji Nargis, kwa ajili ya kuvaa nguo nzuri na kuonana. Yalikuwepo hata maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo mtu alivua buibui na kulia atakavyo. Lakini mtu halii kwa miaka kwa sababu ya wimbo peke yake.

Mother India ya mwaka 1957 naiweka chini kidogo. Nusu yake ya mwanzo inatubembeleza tulie, na mimi sipendi kubembelezwa. Hata hivyo mwisho wake unaifuta kasoro hiyo. Radha, aliyewalea wanawe kwa jembe na njaa huku mkopeshaji Sukhilala akiwanyonya, anamlenga bunduki mwanawe kipenzi, Birju, kwa kuwa amemteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake. Anamuua ili kuilinda heshima ya binti wa mtu aliyemdhulumu. Muungwana gani anaweza kusema kwa haraka kuwa amefanya sawa, au amekosa? Na mtu wa Unguja aliijua rehani bila ya kufundishwa na filamu. Katika miaka ya 1930 wakulima wa karafuu walikuwa wamezama kwenye madeni, wakopeshaji wengi wakiwa wafanyabiashara wa Kihindi, mpaka serikali ya kikoloni ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasihame mikononi. Katika ukumbi mmoja wa senema walikaa wajukuu wa waliokopa na wajukuu wa waliokopesha, wakamlaani Sukhilala kwa pamoja. Vitabu vya historia vinalipita haraka jambo hilo, na mimi nalithamini sana.

Mapenzi hayo ya picha yaliingia hadi kwenye taarabu, ambako muziki wa filamu za Kihindi ulivikwa maneno ya Kiswahili, kama vile muziki wa Misri ulivyokuwa umevikwa kabla yake. Yaliingia hata kwenye majina ya mahali. Jaws Corner, kijiwe cha kahawa ndani ya Mji Mkongwe, kimepewa jina la ile filamu ya papa ya mwaka 1975, na papa mwenyewe kachorwa ukutani. Watu wanakaa hapo na vikombe vyao vidogo wakibishana siasa na mpira. Filamu yenyewe ni nzuri, na sehemu yake bora ni ile ya meya anayekataa kuifunga pwani kwa kuogopa hasara ya watalii. Kisiwa kinachoishi kwa utalii hakihitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Televisheni ilitufikia mapema. Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Bara ilingoja mpaka 1994. Wengi walijikusanya mbele ya seti moja, na namna hiyo ya kutizama haijafutika hadi leo. Katika nyumba nyingi za Unguja televisheni iko ukumbini, na ukumbi una babu, una mkwe, una watoto wa skuli. Hapo ndipo inapotokea ile hali ambayo kila mmoja wetu anaijua: mashuka yanaanza kuonekana kwenye kioo, mtu anakohoa, rimoti inatafutwa, stesheni inahama kwenye taarifa ya habari kwa dakika mbili. Wapo wanaosema aibu hii ndiyo inayotuzuia kufurahia filamu nzito. Sikubaliani nao. Awaara ilizungumzia mwanamke aliyetuhumiwa katika jambo zito la ndoa, na ikafanya hivyo bila ya kumlazimisha mtu kumkwepa mkwewe. Heshima ya ukumbini haimzuii mtunzi mwenye akili. Inamtaka afanye kazi zaidi. Kuna baraza la serikali linalokagua filamu na sanaa hapa Zanzibar, lakini kwa uzoefu wangu ukumbi wa nyumbani ni mkali kuliko baraza hilo, na unajua zaidi unachokikataa.

Kuhusu filamu za kutafsiriwa sina maneno mengi. Marehemu Lufufu, mtafsiri wa filamu, aliwafanya watu waliokuwa hawajui Kiingereza, Kichina wala Kihindi wakae vibandani na kufuata kila kitu, na sauti yake ikawa sehemu ya kumbukumbu za kizazi kizima. Kwa filamu za ngumi sauti ile ni neema: Enter the Dragon haina mazungumzo ya kupotea. Kwa filamu ya huzuni inaharibu, maana mtafsiri anaingia kati yako na mtu anayelia, anakueleza kwa nini analia, na mara nyingi amekwisha kukuambia nani mbaya. Hapo hukumu imechukuliwa na mtu wa tatu. Watoto waliokua na picha hizo wanajua kanuni moja, kwamba steringi hafi, na kanuni hiyo imewadhulumu wanapokutana na filamu ambayo anakufa.

Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Ni kisa cha mke aliyeolewa kwenye nyumba ambayo wazazi wa mume wameachana na baba akaoa tena, kwa hivyo amepata mama wakwe wawili. Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu waliidharau wakiiona ni chombo cha kidiplomasia. Waliikosea. Ni kazi nzuri iliyojengwa kwa mambo madogo ya nyumbani: nani apewe zawadi gani, nani aliyeanza kusalimia, fedha ya matengenezo inatoka wapi. Hakuna mwovu ndani yake. Mama wakwe wote wawili wana sababu zao, na Doudou naye ana makosa yake. Ukimtizama unajikuta unampa haki huyu leo, kesho unamnyang'anya.

Iliyoutikisa mji kweli ni Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ya miaka 2011 hadi 2014 iliyorushwa na Azam kwa Kiswahili. Nimekaa ukumbini na watu wa nyumba moja baada ya Isha, mama mkwe na mkaza mwana wakitizama pamoja, Hurrem, suria wa Sultani Suleiman, akipanga njama zake. Mama mkwe akasema, "Mwanamke hana haya huyu, kamvunjia mwenzake nyumba." Mkaza mwana akakaa kimya kidogo, halafu akajibu kwa adabu yote, "Lakini mama, huyu kaletwa kwa kamba. Nyumba yake yeye nani kaivunja?" Hakuna aliyeongeza neno mpaka tangazo. Kila mtu mle ndani alielewa kuwa hawazungumzii Istanbul peke yake.

Hiyo ndiyo nguvu ya Sultan. Hurrem anaanza akiwa mateka, mtoto wa padri aliyenyakuliwa kwao, na anamaliza akiwa na damu za watu mikononi. Waziri Ibrahim Pasha ni rafiki mwaminifu na ni mtu mwenye kiburi. Suleiman anatunga mashairi ya mapenzi na anaamuru mwanawe Mustafa anyongwe. Kila tunapodhani tumempata wa kumpenda, anatuangusha. Uturuki kwenyewe Erdoğan, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aliilaumu kwa kumwonesha sultani zaidi ndani ya harimu kuliko juu ya farasi. Lawama yake naielewa, lakini farasi tumeshawaona kwingine. Kasoro ya Sultan ni urefu. Misimu ya mwisho inarudia njama zile zile, na baada ya Meryem Uzerli kuondoka, Hurrem akapoteza ule moto uliotufanya tumsamehe. Vahide Perçin ni mwigizaji hodari, ila alipewa mwanamke aliyekwisha kuhukumiwa na waandishi.

Ertugrul, tamthilia nyingine ya Kituruki, ilipendwa na wengi, khasa vijana na baba zao, na sababu zake nazijua: adhana, mapanga, mtu wa dini anayeshinda. Nimefurahia kuitizama. Lakini msaliti wa Ertugrul unamjua kwa macho yake tangu anapoingia hemani, na ukishamjua huna kazi nyingine ila kungojea akatwe kichwa. Mtu akiniambia inamjenga kijana, namkubalia. Akiniambia ni kazi bora kuliko Sultan, nitakesha naye.

Sasa nyumbani kwetu. Filamu za Dar es Salaam nimezitizama nyingi, na sitaki kujiunga na wale wanaozicheka. Marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, alitupa sisi wenyewe kwenye kioo baada ya miaka mingi ya kutizama watu wengine, na umati uliomzika ulijua anachozikwa nacho. Tatizo la filamu hizo limeelezwa vibaya. Watu wanalalamikia taa, sauti, nyumba za kifahari zisizo za mtu, majina ya Kiingereza. Hayo ni mapungufu ya fedha na haraka, yanasameheka. Lisilosameheka ni hukumu inayotolewa mapema. Mke mwovu tunamjua kwa kucha zake. Mama mkwe mkatili tunamjua kwa mlango anavyoufunga. Mganga anacheka peke yake. Mwishoni mwovu anapata wazimu au anapata ajali, na mchungaji au shehe anatupa nasaha. Mtazamaji aliyelelewa na Awaara anaambiwa akae kama mtoto.

Wako wanaosema umma ndio unaotaka hivyo. Basi Siri ya Mtungi, iliyoanza mwaka 2012, iliwezaje? Ilitengenezwa kwa fedha za kampeni ya afya, kwa hivyo ilikuwa na kila sababu ya kutuhutubia. Badala yake ilitupeleka Bagamoyo kwa Cheche, mpiga picha kijana anayerithi studio, ana mke mzuri na anashindwa kujizuia. Cheche si mbaya. Ni mtu dhaifu, mcheshi, anayempenda mkewe na kumdanganya. Tulimkasirikia kama tunavyomkasirikia mdogo wetu. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa pwani wanaoongea kweli, na mitaa ilikuwa mitaa. Siioni tamthilia nyingine ya Kitanzania iliyofika pale. Jua Kali ya mwongozaji Lamata ina kasi na ina watazamaji, na yapo mapito ndani yake yanayoshika, lakini inakimbilia tukio jipya kabla ya lile la jana halijamuumiza mtu.

Kuna na filamu zinazotuhukumu sisi. Africa Addio ya Waitaliano Jacopetti na Prosperi, ya mwaka 1966, ina picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Unguja wakati wa Mapinduzi, Januari 1964, zinazoonesha watu wakiongozwa kwa misururu na maiti zilizotapakaa. Ni filamu yenye dharau kwa Mwafrika tangu sentensi yake ya mwanzo, na imelaaniwa kwa haki. Lakini picha zile zipo, na kwenye familia nyingi za Zanzibar zina uzito ambao hakuna mhakiki anayeweza kuupunguza. Ugumu wake ni kwamba macho yaliyoziona hayakuwa na huruma na yeyote, si aliyekufa wala aliyeua. Mkasa huo bado unangoja filamu itakayotizama kutoka chini, mlangoni mwa nyumba, ikamjua kila mtu kwa jina.

Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018 haina dharau. Yenyewe imetusahau tu. Farrokh Bulsara, yaani Freddie Mercury, alizaliwa hapa Septemba 1946, lakini kisa chake kwenye filamu kinaanzia anapobeba mizigo uwanja wa ndege wa London. Rami Malek anastahili tuzo aliyopata. Lakini kijana Mparsi aliyeikimbia Zanzibar na wazee wake mwaka 1964 alikuwa na kisa ambacho watengenezaji hawakuona haja ya kukisimulia, na bila hicho ugomvi wake na baba yake unakuwa ugomvi wa kawaida wa kijana anayependa muziki.

Ndiyo maana Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, nimeipokea kwa furaha kubwa na kwa malalamiko. Imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, imeanzia safari yake kwenye tamasha la Toronto, na Tanzania iliipeleka kushindania Oscar. Vichochoro vyetu havijawahi kupigwa picha vizuri hivyo, na Kiswahili chake kinaingia sikioni bila ya kusukumwa. Siti Amina akiwa Mwajuma anaibeba filamu kila anapoonekana. Mwajuma anamfungulia mlango Yasmin, binti wa Kihindi aliyemkimbia mume mzee, bila ya kumuuliza lolote la kumwaibisha. Malalamiko yangu ni kwamba filamu imechagua mapenzi ya Yasmin na Denge na kuyaacha mengi ambayo riwaya inayapima polepole. Katika kitabu unabaki unajiuliza kama mwanasiasa aliyejitoa kwa nchi ana haki ya kumfungamanisha binti aliyepoteza kila kitu. Kwenye filamu Denge ni mzuri wa sura na wa nia, na swali hilo linapoa. Hata hivyo ningependa kila skuli ya Unguja iitizame, kisha mwalimu awaache wanafunzi wabishane saa nzima.

Wataitizama wapi? ZIFF, tamasha letu la filamu lililoanza kufanyika mwaka 1998, linatuwekea kioo Ngome Kongwe kila mwaka, na kwa siku chache watu wanakaa kwenye ngazi za mawe wakitizama kazi za Kenya, za Kongo, za India na za Ghuba. Linafanya kazi kubwa. Siku likifungwa, filamu hizo zinaondoka na wageni, na kijana wa Darajani hana cha kukuwekea kwenye flashi isipokuwa yale yale. Kituo cha televisheni cha hapa kingeweza kuzinunua baada ya tamasha na kuzionesha mwaka mzima, usiku baada ya Isha, wakati ukumbi umejaa.

Na kituo hicho kikipata fedha za kutengeneza tamthilia yake, najua ningekiomba kitengeneze ipi. Salme binti Said, bintimfalme wa Zanzibar, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, mama yake Jilfidan akiwa suria aliyeletwa kutoka kwa Wacherkasi, kwa kamba kama Hurrem. Alijifundisha kuandika kwa siri. Mwaka 1859, akiwa bado msichana, aliandika barua za njama za kakake Barghash dhidi ya kaka yao, Sultani Majid. Njama ikashindwa na Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1866 Salme akatoroka akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, na miaka 20 baadaye akachapisha kumbukumbu zake. Katika kumbukumbu hizo, binti wa mwanamke aliyetekwa anautetea utumwa mbele ya Wazungu. Hapo pana ubishi wa kutosha misimu mitano. Ila tamthilia hiyo isianze na Salme kwenye roshani akitizama bahari. Ianze na waliokuwa wakichota maji na kupika Mtoni, wawe na majina yao na maneno yao, ili Salme anapoingia ukumbini kwetu tuwe tumeshamsikia kutoka kwa waliomtumikia.